Misingi ya Kubuni Tovuti Bora kwa Wanaoanza

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anayehitaji huduma ya ofisi ya umma siku hizi huanza kwa kuitafuta ofisi hiyo kwenye simu yake. Anataka kujua ada ya leseni ya biashara, nyaraka za kuambatisha, siku ya mwisho ya kutuma maombi, au dirisha atakaloelekezwa akifika. Akilipata jibu, huokoa nauli na siku nzima ya kazi. Asipolipata, hufunga safari kutoka kijijini hadi makao makuu ya wilaya kwenda kuuliza jambo ambalo lingeandikwa kwa sentensi mbili, na pengine huambiwa arudi kesho kwa kuwa hakubeba nakala ya kitambulisho. Tovuti iliyobuniwa vibaya, kwa hiyo, si suala la sura isiyopendeza tu. Gharama yake hulipwa na mtu aliyeitembelea.

Makala haya yameandaliwa kwa ajili ya wanaoanza: ofisa habari aliyekabidhiwa tovuti ya taasisi yake, mwalimu anayetaka shule yake iwe na tovuti, kijana anayejifunza kazi hii, au mfanyabiashara mdogo anayetaka wateja wamfikie. Hayafundishi namna ya kuandika msimbo. Yanaeleza maamuzi yanayopaswa kufanywa kabla ya kazi kuanza na wakati inapoendelea, pamoja na sababu za maamuzi hayo.

Wavuti ilianza kwa maandishi

Ni vyema anayeanza akajua kwamba wavuti yenyewe ilizaliwa kutokana na hitaji la kupata taarifa. Mwezi Machi 1989, Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na mji wa Geneva, aliandika pendekezo la kuunganisha nyaraka za watafiti zilizokuwa zimetawanyika katika kompyuta mbalimbali. Tovuti ya kwanza, iliyotangazwa kwa watu wa nje mwaka 1991, ilikuwa na maandishi na viungo tu. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN iliiweka teknolojia hiyo mikononi mwa umma ili itumiwe na yeyote bila malipo.

Lugha iliyotumika, HTML, haikukusudiwa kupamba. Kazi yake ni kueleza kipi ni kichwa, kipi ni aya, kipi ni orodha, na kipi ni kiungo cha kwenda ukurasa mwingine. Masuala ya rangi, aina ya herufi na nafasi kati ya mistari yalipewa lugha nyingine, CSS, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994 na ambayo toleo lake la kwanza rasmi lilitoka Desemba 1996. Mgawanyo huo, maudhui upande mmoja na sura upande wa pili, ndio msingi wa kila kitu kitakachoelezwa hapa. Kwa bahati mbaya wanaoanza wengi huushika kinyumenyume: huchagua kiolezo kizuri, hutafuta rangi, hupanga picha, kisha mwishoni hutafuta maneno ya kujaza nafasi zilizobaki.

Swali hutangulia sura

Hatua ya kwanza haihitaji kompyuta. Inahitaji daftari na mtu wa mapokezi. Katika taasisi yoyote, anayezijua vizuri shida za wanaoitafuta huduma si mkuu wa kitengo cha TEHAMA wala mkurugenzi, bali ni yule anayekaa mlangoni na kupokea simu. Mbunifu akikaa naye siku mbili na kuandika maswali yanayoulizwa, kwa maneno yaleyale wanayotumia waulizaji, atapata mahitaji halisi ya tovuti yake. Watu hawaulizi habari za "utaratibu wa utoaji wa leseni kwa mujibu wa sheria husika". Huuliza: leseni ya duka ni shilingi ngapi, naenda na nini, na inachukua siku ngapi?

Maswali hayo yakishapangwa kwa kuzingatia yanavyojirudia, yale ya juu kabisa ndiyo yanayostahili nafasi ya juu katika ukurasa wa mwanzo. Serikali ya Uingereza ilifuata njia hii ilipozindua tovuti yake ya pamoja, GOV.UK, Oktoba 2012, kuchukua nafasi ya tovuti mbili kubwa za awali, moja ya wananchi na nyingine ya wafanyabiashara. Kanuni ya kwanza kati ya zile ambazo wabunifu wake waliziweka hadharani mwaka huo ilikuwa fupi: anza na mahitaji ya watumiaji. Ukurasa wake wa mwanzo haukujaa picha za mawaziri. Ulikuwa na sehemu ya kutafutia na orodha ya huduma.

Tukirejea nyumbani, ukurasa wa mwanzo wa tovuti nyingi za taasisi unafahamika hata kabla haujafunguka. Juu kuna picha kubwa zinazopishana zenyewe, chini yake kuna neno la ukaribisho la mkuu wa taasisi, kisha dira, dhamira na maadili ya msingi, kisha picha za washiriki wa mkutano wakiwa wamesimama mbele ya bango. Hakuna ubaya katika kuwa na dira na dhamira. Zina mahali pake, napo ni katika ukurasa wa "Kuhusu Sisi". Ila ni vigumu kumpata mtu aliyewasha simu saa nne za usiku kwa shauku ya kusoma dhamira ya taasisi.

Mfano wa tovuti inayojibu swali hauko mbali. Kila matokeo ya mitihani ya taifa yanapotangazwa, wazazi, walimu na wanafunzi hukimbilia kwa pamoja kurasa za matokeo ambazo Baraza la Mitihani la Tanzania limekuwa likizichapisha. Kurasa hizo hazina pambo. Kuna orodha ya shule. Msomaji hugusa jina la shule, akafunguliwa jedwali lenye namba ya mtahiniwa, jinsi, jumla ya pointi, daraja na alama za kila somo. Mbunifu kijana anaweza kuziona kuwa ni za kizamani. Lakini ukurasa wa maandishi matupu ni mwepesi, hufunguka katika simu ya bei ya chini kabisa, na huipunguzia seva mzigo katika siku ambayo taifa zima linaubisha mlango mmoja. Mzazi aliyeko mahali penye mtandao dhaifu huliona jina la shule ya mwanawe na kulifikia jibu kwa kugusa mara chache. Kwa kazi iliyokusudiwa, huo ni ubunifu unaotimiza wajibu wake kuliko tovuti nyingi zenye mapambo.

Menyu isiyofuata mpangilio wa ofisi

Kosa linalofuata kwa ukubwa ni kuipanga menyu kwa kufuata muundo wa taasisi: Idara ya Utawala, Idara ya Mipango, Kitengo cha Sheria, na kuendelea. Mpangilio huo una maana kwa watumishi, maana ndimo wanamofanyia kazi. Mwananchi anayetaka kuhamisha umiliki wa kiwanja hajui kama jambo lake ni la Ardhi, la Sheria au la Fedha, na si wajibu wake kujua. Menyu nzuri hutumia majina ya mambo ambayo watu wanayafanya: kulipa, kuomba, kupakua fomu, kutoa malalamiko, kuwasiliana nasi. Idara zinaweza kutajwa ndani zaidi, katika ukurasa unaoeleza nani anahusika.

Menyu ya ngazi ya juu ikizidi vipengele saba au vinane, msomaji wa simu hulazimika kusogeza skrini kabla hajajua kilichomo. Kila ukurasa uoneshe mahali ulipo, na nembo iliyo juu, ikiguswa, imrudishe msomaji mwanzo. Tovuti yenye kurasa nyingi iwe na sehemu ya kutafutia, nayo iwe inafanya kazi kweli. Sehemu ya kutafutia isiyoleta majibu ni afadhali iondolewe.

Viungo navyo vina adabu yake. Maneno "bofya hapa" yamezoeleka sana, lakini hayamwambii msomaji anakopelekwa. Mtu asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini kwa sauti mara nyingi huiagiza imsomee orodha ya viungo vyote vilivyo ukurasani. Fikiria akisomewa "bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa" mara kumi na mbili. Kiungo kiseme kilicho mbele yake: "Fomu ya maombi ya leseni ya biashara, kurasa 2".

Simu ndogo na bando dogo

Mei 2010, mbunifu Mmarekani Ethan Marcotte aliandika makala iliyobadili kazi hii. Alipendekeza kwamba badala ya kutengeneza tovuti moja ya kompyuta na nyingine ya simu, ukurasa uleule ujipange wenyewe kulingana na upana wa skrini inayoufungua. Leo jambo hilo ni kanuni ya kawaida, na violezo karibu vyote vinalifuata. Tatizo lililobaki ni la tabia: mbunifu hufanya kazi yake kwenye kompyuta yenye skrini kubwa, bosi wake huikagua kwenye skrini kubwa zaidi ya chumba cha mikutano, wote hupiga makofi, na hakuna aliyeifungua kwenye simu ya kawaida.

Simu nyingi za Android huhesabiwa na kivinjari kuwa na upana wa pikseli 360 hivi. Kwa anayeanza, ushauri unaofaa ni kuupanga kwanza ukurasa katika upana huo, kwa safu moja, ndipo aupanue kwa ajili ya kompyuta. Anayelazimika kuanza na nafasi ndogo hulazimika pia kuchagua kilicho muhimu. Vitufe viwe na ukubwa unaotosha kidole: mwongozo wa kimataifa utakaoelezwa hapa chini unataka visipungue pikseli 24 kwa 24 katika kiwango chake cha kati, na pikseli 44 kwa 44 katika kiwango chake cha juu.

Upana ni nusu ya suala. Uzito ni nusu nyingine, tena ndiyo inayosahaulika. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa inaweza kuwa na megabaiti 5. Kwenye mtandao wenye kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, picha hiyo huchukua sekunde 40 kufika, kwa kuwa kila baiti ina biti 8. Ukurasa wa mwanzo wenye picha kumi za namna hiyo una megabaiti 50, na mtu mwenye bando la megabaiti 500 atalimaliza kwa kuufungua mara kumi tu, tena bila kujibiwa alichokuja kukiuliza. Picha ileile ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200 na kubanwa vizuri, aghalabu hushuka hadi kilobaiti 150 au chini ya hapo, na katika mtandao uleule hufika kwa sekunde moja na ushei. Macho ya msomaji wa simu hayatambui tofauti. Kazi ya kupunguza picha huchukua dakika moja, na programu za kuifanya zipo za bure. Kama kuna jambo moja ambalo ofisa habari anaweza kulifanya leo bila kibali wala bajeti, ni hili.

Picha zinazopishana zenyewe juu ya ukurasa zinastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa ni nzito, na kwa kuwa ujumbe ulio katika picha ya nne huonwa na wachache. Maandishi yanayokimbia kutoka kulia kwenda kushoto yana kasoro kama hiyo. Asiyesoma haraka hulazimika kuyasubiri yazunguke tena. Iwapo ni lazima kitu kitembee kwa zaidi ya sekunde tano, msomaji apewe njia ya kukisimamisha.

Rangi, herufi na bendera

Taasisi nyingi za umma hupenda kutumia rangi za bendera ya Taifa. Ni jambo la heshima, lakini linahitaji hesabu. Shirika la viwango vya wavuti, W3C, lililoanzishwa mwaka 1994, hutoa mwongozo wa kuzifanya tovuti zifikiwe na watu wote, unaojulikana kwa kifupi chake cha WCAG. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1999, na toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Mwongozo huo hupima tofauti ya mwanga kati ya herufi na mandharinyuma yake kwa uwiano unaoanzia 1 kwa 1, yaani hakuna tofauti, hadi 21 kwa 1, yaani nyeusi juu ya nyeupe. Kwa maandishi ya kawaida, kiwango cha kati hutaka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na kwa herufi kubwa usiopungua 3 kwa 1.

Sasa chukua rangi za bendera kama zinavyochorwa kwa kawaida kwenye kompyuta. Herufi za njano juu ya karatasi nyeupe, au nyeupe juu ya njano, hupata takriban 1.5 kwa 1: hazisomeki, hasa juani. Kijani na buluu, ambazo wengi wangezidhania kuwa salama, hukaribia 3 kwa 1 tu zikiwa na nyeupe, kwa hiyo hazifai kwa aya za maandishi madogo. Nyeusi juu ya njano, kwa upande mwingine, huzidi 14 kwa 1. Jawabu si kuziacha rangi za Taifa. Zitumike kwenye mstari wa juu wa ukurasa, kwenye nembo na kwenye mipaka. Maandishi yabaki meusi au ya kijivu kilichokolea juu ya nyeupe. Na pale kijani kinapotakiwa kubeba herufi nyeupe, kikolezwe. Vikokotoo vya uwiano huo vinapatikana bure mtandaoni.

Rangi peke yake isibebe ujumbe. Baadhi ya watu hawatofautishi nyekundu na kijani, hivyo fomu inayosema "jaza sehemu zenye rangi nyekundu" huwaacha njiani. Kuhusu herufi, aina moja au mbili zinatosha kwa tovuti nzima, ukubwa wa pikseli 16 ni mwanzo mzuri kwa aya, na mistari iachiwe nafasi ya kupumua. Aya ndefu zilizoandikwa kwa herufi kubwa tupu huchosha macho.

Tangazo lililogeuzwa kuwa picha

Jambo hili linahitaji msisitizo, kwa kuwa limekuwa desturi. Tangazo la ajira, la zabuni au la chanjo huandikwa kwenye kompyuta, huchapishwa, hupigwa muhuri, hupigwa picha au kuchanganuliwa, kisha hupandishwa kwenye tovuti likiwa picha. Kwa mtazamo wa ofisi, tangazo limetolewa. Kwa mtazamo wa kompyuta, hakuna hata neno moja lililoandikwa. Injini za utafutaji huenda zisilione. Programu ya kumsomea asiyeona hukaa kimya. Msomaji hawezi kugusa namba ya simu akapiga, wala kunakili anwani, na kwenye skrini ndogo hulazimika kukuza na kusogeza kushoto na kulia kwa kila mstari.

Utaratibu unaofaa ni kuandika yaliyomo kama maandishi ya kawaida katika ukurasa wenyewe, kisha kuambatisha nakala yenye muhuri kwa anayehitaji uthibitisho. Picha halisi, kama ile ya uzinduzi wa mradi, ipewe maelezo mbadala, yaani sentensi fupi isiyoonekana kwa macho lakini inayosomwa na programu ya sauti: "Wananchi wakichota maji katika kituo kipya". Vichwa vya sehemu viwekwe kama vichwa katika HTML, si maandishi ya kawaida yaliyokolezwa tu, maana asiyeona hurukia kutoka kichwa kimoja hadi kingine kama mwenye kuona anavyopitisha macho. Video iwe na maandishi ya maneno yanayosemwa. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016; taarifa iliyofungiwa ndani ya picha ni vigumu kuihesabu kuwa imetolewa kwa wote.

Maneno, tarehe na saa

Msomaji wa tovuti hapitii kila neno. Hutafuta, hupepesa macho, husimama anapoona kinachomhusu. Kwa hiyo jibu litangulie na maelezo yafuate. Ukurasa wa leseni uanze na ada na nyaraka zinazohitajika; historia ya sheria iliyounda leseni hiyo ije chini, kama ni lazima ije. Sentensi ziwe fupi. Kiswahili kiwe lugha ya kwanza ya tovuti inayowahudumia Watanzania, na iwapo kuna upande wa Kiingereza, pande zote mbili zihuishwe siku ileile. Tovuti ambayo kwa Kiswahili ina habari za mwaka juzi na kwa Kiingereza za jana inamwambia msomaji wake jambo ambalo taasisi haikukusudia kulisema.

Tarehe ziandikwe kwa ukamilifu, kwa jina la mwezi na mwaka, kwa kuwa 04/05 inaweza kusomwa Aprili au Mei. Maneno kama "wiki ijayo" huwa ya uongo baada ya siku saba. Saa zinahitaji uangalifu zaidi kwetu kuliko kwingineko. Tunahesabu saa tangu kuchomoza na kuzama kwa jua, ilhali mifumo ya kompyuta huhesabu tangu usiku wa manane. Ukurasa ukisema saa 3:00 asubuhi na mfumo wa maombi ukionesha 09:00, kuna atakayechanganyikiwa. Hatari kubwa zaidi iko kwenye muda wa mwisho. "Mwisho ni tarehe 30 saa 6:00 usiku" ina tafsiri mbili: usiku wa kuamkia tarehe 30, au usiku wa kuamkia siku inayofuata. Mwombaji aliyeielewa vingine amepoteza nafasi. Iandikwe: "Mwisho ni Jumanne, tarehe 30, saa 5:59 usiku", na chini yake saa ya mfumo, 23:59.

Fomu na usalama

Kila nafasi inayoongezwa kwenye fomu humpunguza mtu mmoja anayeikamilisha, hivyo iulizwe tu taarifa inayohitajika kutoa huduma. Hilo si adabu ya ubunifu pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na madhumuni halali na azilinde. Fomu ya malalamiko isiyohitaji namba ya kitambulisho isiiombe. Mtu akikosea kujaza, aoneshwe mahali alipokosea kwa maneno yanayoeleweka, na yale aliyokwisha kuyajaza yasifutwe. Kujaza upya fomu ndefu kwa kidole gumba ni adhabu ambayo hakuna aliyeihukumu.

Anwani ya tovuti ianze na https, alama kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Tangu Julai 2018, kivinjari cha Chrome huonya kwamba tovuti isiyo nayo si salama, na vyeti vya usalama huo hupatikana hata bila malipo. Programu inayoendesha tovuti, iwe WordPress, Joomla au Drupal, ihuishwe kila toleo jipya linapotoka. Kwa taasisi za umma, jina la kikoa liishie na go.tz, ambalo ndilo linalomhakikishia mwananchi kwamba hajaingia kwenye tovuti ya matapeli, na kazi yote ifuate viwango vinavyosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019.

Kujaribu na kutunza

Kabla ya uzinduzi, tovuti ijaribiwe na watu wasiohusika na utengenezaji wake. Mtaalamu wa Denmark, Jakob Nielsen, alieleza mwaka 2000 kwamba watu watano tu wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, na kwamba ni afadhali kufanya majaribio madogo mara nyingi kuliko jaribio moja kubwa. Njia yake ni rahisi. Mpe dereva, mama lishe, mwanafunzi au mzee simu yake mwenyewe na kazi moja: "Tafuta ada ya kibanda cha soko." Kisha kaa kimya. Usimwoneshe, usimsahihishe, usimwambie kuwa jibu liko pale chini. Mahali anaposita ndipo penye kasoro, na kasoro hiyo ni ya tovuti, si yake.

Baada ya uzinduzi ndipo kazi ndefu huanza, nayo haina keki wala utepe. Kila ukurasa uwe na mtumishi anayewajibika nao kwa cheo chake, ili akihama mrithi wake aupokee pamoja na funguo za ofisi. Ada zikibadilika, ukurasa ubadilike siku hiyohiyo. Ada ya zamani iliyobaki mtandaoni huzua ugomvi dirishani kati ya mwananchi mwenye ushahidi mkononi na karani mwenye waraka mpya. Matangazo yaliyopita muda yahamishiwe kwenye hifadhi na yaandikwe wazi kwamba yamefungwa. Kurasa tupu zenye maneno "inatengenezwa" ziondolewe hadi zitakapokamilika.

Anwani za kurasa nazo zisibadilishwe ovyo. Berners-Lee aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1998, akisema kuwa anwani nzuri ni ile isiyobadilika. Anwani ya ukurasa wa leseni imekwishaandikwa kwenye barua, kwenye bango la mlangoni, na kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara; tovuti ikitengenezwa upya na anwani hiyo ikafa, wote hao hupelekwa kwenye ukurasa usiokuwepo. Ikilazimu kubadilisha, anwani ya zamani iachwe ikimpeleka msomaji kwenye ile mpya. Jina la kikoa lilipiwe kabla muda wake haujaisha, na nywila za tovuti zihifadhiwe na taasisi kwa utaratibu wa ofisi, si katika kichwa cha mkandarasi mmoja ambaye mkataba wake umekwisha. Nakala rudufu ya tovuti nzima itunzwe mahali pengine, na walau mara moja kwa mwaka ifunguliwe kuhakikisha kwamba inaweza kurejeshwa.